Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Haya sikuyaona mimi, yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani asiyejua kuongopa hata anapokuchelewesha nguo.

Alikodi gari, akampeleka mkewe mbugani kwa mara ya kwanza, akiendesha mwenyewe. Getini askari aliwaonya, "Msishuke garini kwa lolote. Mkikwama, pigeni simu."

Jioni, wakiliwahi geti lisifungwe, alihisi gurudumu linayumba. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma kuchukua tochi iliyokuwa kitini, akalimulika gurudumu. Lilikuwa zima.

"Ingia bwana, umesahau tulivyoambiwa?" mkewe alifoka.

Walipoondoka, gari likaanza kulia: ti, ti, ti. Taa ikaonyesha kuna mtu kiti cha nyuma hajafunga mkanda.

"Umeweka nini huko nyuma?" akauliza.

"Sijaweka kitu. Mkoba ninao mapajani."

Hakuna aliyethubutu kugeuka. Nje giza lilikuwa limeshaingia, na ndani ulisikika mlio ule tu.

Ndipo wakasikia mkanda ukivutwa taratibu nyuma yao, hadi mwisho, kisha: kach.

Mlio ukakoma.