Mkono wa Unto

Siku ya kwanza Helka Moilanen alilaumu mafuta ya soseji.

Alikuwa ofisini peke yake, kwenye kiwanda cha mbao cha Huusko, nje kidogo ya mji wa Kuhmo, kaskazini ya mbali. Ilikuwa saa nane mchana, na dirisha lilishaanza kuingia giza, maana Novemba ilikuwa imepiga hodi, na huko majira ya baridi jua huzama mapema. Alikuwa akimwandikia mteja barua. Katikati ya neno mshale wa kompyuta yake ya kupakata ukaruka, herufi zikaanza kujiandika mistari mitatu juu. Akaurudisha. Ukaruka tena. Akafuta vidole vyenye mafuta ya soseji kwenye sketi, akakifuta na kile kibao cha kugusa kilicho chini ya vitufe, akaanza upya. Safari hii mshale uliteleza taratibu, bila yeye kugusa kitu, mpaka kwenye jalada la mwezi wa Agosti. Hapo ukasimama.

Akampigia simu Sanna, fundi wao wa kompyuta aliyekuwa mjini Kajaani.

"Kiganja chako kinagusa kibao unapoandika," Sanna alisema. "Kizime, uchomeke kipanya."

"Nimeshakizima."

"Umezima kitu kingine wewe."

"Sanna, mimi si bibi kizee."

Sanna alicheka. "Haya, tukipime. Fungua ukurasa nitakaokutajia. Kila kidole kinachogusa kinatokea kama nukta nyeupe. Umefungua? Sasa inua mikono yote. Nukta ngapi?"

Helka aliinua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Kwenye kioo kulikuwa na nukta tano. Nne zimepangana juu, ya tano pembeni chini: kiganja kipana, kiganja cha mwanamume. Kisha nukta moja ilizimika, ikawaka, mfano wa kidole kilichogonga mara moja, na jalada la Agosti likafunguka lenyewe.

"Helka? Ngapi?"

"Hakuna hata moja," akajibu, akakata simu.

Alidanganya kwa sababu alijua kilichomo ndani ya jalada lile. Mwenyewe ndiye aliyekiandika.

Mwezi wa Agosti, Unto Kemppainen, mtu wa msumeno mkubwa, alifariki pale kiwandani. Bosi wao, Reijo Huusko, alikuwa ameamuru kinga ya msumeno iondolewe ili kazi iende mbio. Unto alikataa, akatishiwa kufukuzwa, akaendelea na kazi. Siku ya tatu msumeno ukamkata mkono wa kulia kwenye kifundo, na kabla gari la wagonjwa halijafika damu yote ilikuwa imenywewa na vumbi la mbao. Reijo aliingia ofisini na viatu vyekundu kwa damu. "Andika alikuwa amelewa," alimwambia Helka. "Andika kinga aliitoa mwenyewe. Kiwanda kikifungwa, wewe utakwenda wapi?" Helka akaandika ripoti hiyo, akatia sahihi kama shahidi. Unto hakuwa mnywaji.

Kesho yake kibao kilikuwa na joto, joto la ngozi. Helka alikibandikia kipande cha boksi kwa gundi ya karatasi, akachomeka kipanya, lakini mshale uliukataa mkono wake, ukamvuta kuelekea Agosti kama ng'ombe anayevuta kamba. Ofisi ikaanza kunuka utomvu wa msonobari uliochanganyika na kitu kingine, kitu cha buchani. Halafu kule chini ya boksi kitu kikaanza kugonga, tp, tp, tp, na kila kilipogonga boksi lililowa kidogo, likageuka kahawia, likageuka jekundu, mpaka tone la kwanza likapita ukingoni mwa meza na kuanguka juu ya kiatu cha Helka, naye akapiga ukelele uliosikika hadi uwanja wa magogo.

Reijo alikuja mbio. Alitazama meza, akabadilika rangi.

"Naitupa hii kompyuta tanuruni," alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe funga mdomo."

Aliifunika kompyuta nusu, akaingiza mkono ili aibebe. Kifuniko kikashuka. Helka alisikia mifupa ikikatika, mmoja, wa pili, wa tatu, kama vijiti vikavu chini ya buti. Reijo alipiga magoti akilia, akavuta mpaka ngozi ikabaki pale, kisha akatoka mbio hadi garini akiwa ameshika mkono wake kifuani. Kompyuta ikafunguka tena yenyewe, taratibu. Agosti.

Helka aliitia ndani ya mfuko wa turubai, akaifungia nyuma ya gari lake. Alidhani amelifungia na lile jambo.

Jumamosi adhuhuri alikuwa jikoni kwake akimenya viazi. Mkono wake wa kulia ukasimama. Vidole viwili vikanyooka, vikaanza kuteleza juu ya meza, juu, chini, juu, chini, kama vinavyopekua karatasi ndefu kwenye kioo. Akaviamuru viache. Havikuacha. Mkono ukaokota kisu, ukakigeuza, ukaanza kuchora mstari kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, polepole, ukipima mahali pa kukatia. Helka alijitupa ukutani mara nne, akiugonga ule mkono kwenye tofali, ndipo kisu kikaanguka.

Angekwenda hospitali, angesema nini? Katika eneo lile mtu wa mambo hayo alikuwa mmoja, mwanamke aliyewaumika watu kwa pembe ndani ya sauna yake, chumba cha kuogea mvuke, akawatoa damu mbaya na vingine visivyotajwa. Aliitwa Lempi Kemppainen. Alikuwa mjane wa Unto.

Lempi alimpokea mlangoni. Alimkalisha kwenye benchi la sauna, akamvua koti, akauchanja mkono kwa wembe na kubandika pembe tatu. Mvuke ulinuka lami. Damu iliyojaa ndani ya pembe ilikuja na vumbi la mbao.

"Nani huyu?" Lempi alinong'ona. "Umekaa na nani, dada?"

Hapo mkono wa Helka ukainuka wenyewe, pembe zikining'inia, ukakaribia uso wa Lempi. Kwa upole mkubwa, kidole kikamrudishia nywele nyuma ya sikio.

Lempi alikauka kama jiwe. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na tabia ile.

"Unto," alisema. Kisha akamgeukia Helka. "Umemfanyia nini mume wangu?"

"Sijui, Mama Lempi, mimi si…"

Mkono ukamrukia Helka shingoni, koo lake mwenyewe, ukakaba. Alianguka chini ya benchi, macho yakimtoka, na kila alipojaribu kusema sijui vidole vilizama zaidi, mpaka akahisi ladha ya chuma mdomoni, mpaka akaona weusi ukiingia kutoka pembeni mwa macho, na Lempi akiwa amesimama juu yake bila kunyoosha hata kidole.

"Sema."

"Hakuwa… amelewa."

Vidole vililegea kidogo.

"Kinga… aliitoa Reijo. Niliandika uongo. Mimi. Niliandika mimi!"

Mkono ukaanguka sakafuni. Helka alitapika, akalia, akasimulia yote, hadi kompyuta iliyofungiwa garini. Lempi aliketi palepale kwenye maji.

"Nilimlaani kaburini," alisema. "Mbele ya watu. Nilimwita mlevi aliyeniacha." Akajifuta uso. "Kaichukue hiyo kompyuta."

Helka aliandika yote akiwa juu ya benchi, akatia jina lake, na mshale ukamtii, ukaenda kila alikouelekeza. Akayatuma kwa polisi wa Kajaani. Ndipo Lempi akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauinamia, akaunong'oneza maneno ambayo Helka hakuyasikia. Akang'oa pembe ya mwisho. Kitu kikapita mlangoni, mvuke ukagawanyika kukipisha.

Polisi walikwenda kwa Reijo Jumapili asubuhi. Nyumbani hakuwepo. Walimkuta kiwandani, msumeno ukizunguka japo umeme ulikuwa umezimwa tangu Ijumaa. Mikono yote miwili ilikuwa imekatwa kwenye vifundo, na kichwa walikikuta mbali, kwenye vumbi.

Helka alimkuta Lempi makaburini, akifagia theluji juu ya kaburi kwa kiganja.

"Ulimwambia nini?" akauliza. "Pale saunani, ulimnong'oneza nini?"

Lempi hakuacha kufagia.

"Nilimwambia aende akapumzike," alisema. "Huyu mwanamume hakuwahi kunisikiliza, hata alipokuwa hai."