Ua Ndani ya Boksi

Kila Jumamosi, baada ya kuchota maji, Jocelyne alifagia gereji ya baba yake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Gereji ni neno kubwa. Lilikuwa turubai tu juu ya miti minne, na benchi moja jeusi kwa oili. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchoma maboksi matupu ya spea.

"Yapasue kwanza, ndipo uchome," baba yake, fundi Nicodème, alizoea kumwambia. "Usiache hata moja zima."

Hakueleza sababu, na Jocelyne, msichana wa miaka kumi na miwili aliyependa vitu vizuri, aliona ni hasara tupu. Maboksi ya spea orijino yaling'aa. Moja alilifanya la kuwekea kalamu, akachora ua la buluu ndani ya kifuniko chake. Ndipo alipokutana sokoni na mama mmoja mchuuzi kutoka mji wa Mbarara, akamwonyesha boksi lile na kumweleza kwamba mengine huyachoma.

"Hii boksi bado mzuri," mchuuzi alisema. "Unachoma ya nini? Leta kwa mimi, nitakupa daftari ya shule."

Jocelyne akampa yote, hata lile la ua, akapata madaftari mapya. Baba alipomuuliza kama ameyachoma, alijibu, "Ndiyo, Papa."

Haukupita muda mrefu, jirani yao Cassien, aliyebeba wagonjwa kwa gari lake hadi hospitali ya Ruharo, akaleta pedi mpya za breki.

"Fundi, hizi ni orijino, nimezitoa Mbarara," alisema. "Nimejikaza, maana nabeba wagonjwa."

Boksi lilikuwa limefungwa vizuri. Nicodème akaamini, akalifungua kwa upande wa chini, akazifunga pedi kwenye gari.

Wiki ileile breki zilikataa mteremkoni. Wagonjwa walitoka na michubuko, lakini mguu wa Cassien ulisagika, na madaktari hawakuwa na la kufanya ila kuukata. Jocelyne alimpenda sana Cassien. Alimwita tonton, yaani mjomba, naye kila asubuhi alimpigia honi akimkuta njiani kwenda shule. Sasa njia ilikuwa kimya.

Kisha maneno yakaanza. Pedi zilizotolewa kwenye gari zilikuwa bandia, zimebanduka kwenye mabati yake. Watu wakasema Nicodème aliiba zile orijino, akafunga takataka. Hakuna aliyemletea gari tena. Alishinda benchini mikono ikiwa safi, na kumwona hivyo kulimuuma Jocelyne.

Jumamosi iliyofuata, chini ya benchi, Jocelyne akaokota boksi la zile pedi. Alipofungua kifuniko ili alipasue, aliona ua la buluu. Kumbe boksi alilolitoa yeye lilitiwa pedi bandia, likafungwa upya, Cassien akauziwa.

Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Akilichoma, hakuna atakayejua kitu, na baba yake atabaki mwizi. Alilia peke yake, kisha akampelekea baba lile boksi.

"Papa, hii boksi ni mimi nilitoa kwa mchuuzi. Nilikudanganya."

Nicodème alilitazama ua lile. Hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda hospitali kwa Cassien.

Cassien alisikiliza yote macho yakiwa dirishani.

"Kuna spea zingine za bei ya chini, si orijino lakini ni nzuri," alisema hatimaye. "Kama walioniuzia wangeniambia ukweli, ningechagua. Pengine ningeacha gari lisimame fasi moja, mahali pamoja tu, mpaka nipate nzuri. Lakini wao ndio walinichagulia, fasi ya mimi kuchagua." Akamgeukia Jocelyne. "Nenda, waambie watu kwamba baba yako si mwizi."

Jumapili, baada ya misa, Jocelyne aliwaambia watu wote waliokuwa kanisani. Polisi walilichukua boksi, wakaanza kumtafuta mchuuzi na wenzake. Taratibu magari yakarudi gereji, ila la Cassien.

"Spea ya bei ya chini inayosema jina lake si kosa," Nicodème alimwambia binti yake siku moja. "Mwenye gari anajua anachonunua. Inayoumiza watu ni ile inayojificha katika jina la nyingine. Uongo wa wale wauzaji ulihitaji nguo, mwanangu, na wewe uliwapa."

Akamkabidhi boksi tupu. Jocelyne akalipasua vipande vidogo vidogo. Cassien, aliyekuwa ametoka hospitali na kukaa pale gereji na magongo yake, akamsogezea kiberiti.