Mnada Usio na Dalali

Itto alifuma zulia lake majira yote ya baridi. Alifuma baada ya kuoka mkate, akafuma baada ya kukamua mbuzi. Lilipokwisha, mumewe, Moha, alilipiga picha na kulitia kwenye mnada wa mtandaoni. Bei ya kuanzia aliweka dirhamu hamsini.

"Hamsini? Umerogwa?" Itto aliuliza.

"Tulia, mke wangu. Hapa mjini Azrou dalali si huanzia chini? Anazunguka sokoni, anapaza sauti, bei inapanda. Isipokuridhisha, unakataa na kurudi na zulia lako."

Siku ya saba mnada ulifungwa. Moha alitazama simu. Chai ya mnanaa ilimmwagikia mapajani, wala hakusikia moto.

"Limekwenda," alisema. "Mtu mmoja tu. Hamsini."

"Mwambie hatuuzi!"

"Nimewaambia wenye mnada. Wanasema ukishafungwa, umefungwa. Lazima tulipeleke."

Itto alishika kichwa. Miezi minne kwa bei ya kuku! Sasa alibaki na zulia moja tu, alilolifuma kabla ya hilo.

"Na hili likienda hivyo," alisema, "kitanda cha kufumia nakipasua kuni."

Jirani yao, Lalla Rkia, huuza vyungu mtandaoni. Alisikia kelele, akaja mbio.

"Moha, huko mtandaoni dalali gani alikuzungukia?"

"Hakuna."

"Basi nani angejua? Biashara matangazo, ndugu yangu! Kwanza, anza na bei ambayo hutaki kushuka chini yake. Pili, andika habari zake kwenye blogu mapema, kabla mnada haujafungwa. Mwishoni weka kiungo. Msomaji akikibonyeza, anafika moja kwa moja kwenye zulia lako."

Moha aliandika palepale: "Zulia zuri sana! Zuri kuliko yote! Njooni!"

Rkia alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Hayo kila muuzaji anasema. Mnunuzi hawezi kuligusa. Mwambie kalifuma nani. Sufu imetoka wapi? Rangi ni ya nini? Lina upana gani? Linafuliwaje? Na huu mstari uliopauka, umetokeaje?"

Itto aliona haya. "Sufu iliniishia. Nikatia ya kondoo mwingine."

"Liandikeni hilo."

"Nitangaze kasoro yangu dunia nzima? Wewe dada, unanitakia mema kweli?"

"Ukiificha, ataiona zulia likifika, atalirudisha. Ukiisema, ataamini na mengine."

Itto alisimulia, Moha akaandika. Waliandika jina la Itto, kondoo wa mama mkwe, na rangi ya maganda ya komamanga. Ule mstari waliupiga picha kwa karibu. Walilitia mnadani, bei ya kuanzia ikawa dirhamu elfu mbili, na kiungo wakakiweka mwishoni mwa blogu.

Siku ya kufunga mnada, wote watatu walikaa mbele ya simu. Watu kumi na mmoja walikuwa wakishindana. Moha alisugua macho.

"Simu imeharibika," alisema.

Simu ilikuwa nzima. Zulia liliuzwa dirhamu elfu tano na mia mbili. Kisha ujumbe ukaingia kutoka kwa mtu aliyeshindwa. Moha aliusoma kwa sauti: "Nimelikosa. Je, Itto anafuma jingine? Nitamsubiri."

Itto alisogea karibu na simu. Miaka thelathini mazulia yake yalikuwa yakiuzwa sokoni, na hakuna mnunuzi aliyewahi kumuulizia kwa jina.

"Soma tena," alisema.

Moha alisoma tena. Itto alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

"Mjibu anafuma," alisema. "Kisha nenda ukaniletee sufu."