Maduara Mawili

Kila asubuhi Mgeni alifagia ua, akaosha kikombe chake, akaenda shule. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita siku alipohamia, na miezi minne baadaye lilikuwa bado halijamtoka. Hakuchukia, wala hakufurahi. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa.

Siku moja mtafiti kutoka chuo kikuu aligawa karatasi zenye michoro mitano ya maduara mawili.

"Duara moja ni wewe, jingine ni darasa lako," alieleza. "Katika mchoro wa kwanza yametengana. Katika wa tano yamelaliana. Chagua unaofanana nawe. Msiandike majina. Mwalimu atatumia majibu kupanga upya vikundi vyenu."

Mgeni alimchungulia jirani yake wa dawati, aliyeitwa Redio kwa kuongea bila kituo. Redio alitia alama mchoro wa tano. Mgeni naye akautia alama huohuo.

Mwalimu alihesabu, akatabasamu. "Wote arobaini na wawili mmechagua wa tano! Basi vikundi vibaki vilivyo."

Mgeni alijiona mapumziko yote yaliyobaki akiwa peke yake kando ya bomba. Akasimama.

"Samahani, mwalimu. Jibu langu si la kweli. Mimi ni wa mchoro wa kwanza. Niliangalizia."

"Kwangu?" Redio aliruka. "Mwenzangu, mimi mwenyewe nilimwangalizia wa mbele!"

Darasa likaangua kicheko. Kisha Redio akasema polepole, jambo ambalo si kawaida yake, "Mimi ni wa pili. Naongea sana, lakini tukitoka hakuna anayenisubiri."

Hakuna aliyecheka tena. Mtafiti akagawa karatasi nyingine, na safari hii kila mtu alifunika yake kwa mkono. Alama zilitawanyika kwenye michoro yote mitano.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mwalimu. "Nilitaka kuwasaidia, wanangu, nanyi mkaniambia hamuumwi. Ukweli wa mmoja wenu umetuponya wengi."

Akapanga vikundi vipya. Wakati wa mapumziko, Redio aliondoa mkoba wake kwenye ngazi.

"Kaa hapa. Hivi jina lako hasa nani?"

Mgeni alimwambia. Kifuani alihisi vijisindano vidogo, kama vya mkono unaoanza kuamka.