Swali Ambalo Halimo Kwenye Daftari

"Hiyo swali haiko mu masomo ya kwanza, dada Saliha."

Callixte alisema hivyo huku akijifanya anaangalia meli ya Kigoma inayopakuliwa. Alikuwa wakala wa mizigo pale bandarini, na kabla ya hapo alikuwa ameishi miaka tisa Nampula, Msumbiji. Kila mchana Callixte alipokuwa akila, Saliha alikuja na daftari lake la shule, wakakaa kwenye benchi nyuma ya ghala, akafundishwa Kireno.

"Mi sitaki masomo ya kwanza," Saliha alimjibu. "Nataka kumuuliza bwana yangu kama iko na bibi mwingine."

Bwana yake ni Tajudini. Miaka kumi na moja iliyopita aliaga kwamba anaenda bandarini kupokea mzigo, na mzigo huo mpaka leo haujafika. Baadaye simu zilikuja kutoka Msumbiji, mara mbili kwa mwaka, mara moja, halafu kimya. Mwaka huu akabisha hodi nyumbani kwa Saliha, mtaa wa Buyenzi, na begi moja. Saliha hakupata hata muda wa kumgombeza vizuri, kwani kabla ya mwezi kuisha shinikizo la damu lilipanda, Tajudini akaanguka. Alipozinduka hospitalini Kamenge, Kiswahili kilikuwa kimemtoka, Kirundi kimemtoka, kimebaki Kireno peke yake. Daktari alisema hutokea, lugha nyingine huenda zikarudi polepole.

Basi Saliha, fundi cherehani wa miaka arobaini na minne, akaanza kujifunza namna ya kuongea na mume wake mwenyewe. *Tens fome?* Una njaa? *Onde dói?* Wapi panauma? *Estás cansado?* Umechoka? Maswali hayo aliyauliza kila siku nyumbani, akimlisha, akimwogesha, akimgeuza kitandani. Mgongo ulimuuma na nguo za wateja zililala bila kushonwa.

Wifi yake Sikuzani, dada yake Tajudini anayekaa Kinanira kwenye nyumba ya vyumba vingi, alishamwambia kwamba akishindwa aseme tu, atakuja kumchukua kaka yake. Saliha alishindwa tangu wiki ya kwanza. Lakini hakutaka kumpeleka mtu kwao bila kujua anampeleka kwa kosa gani. Kuoa angeoa, dini imemruhusu. Kumficha mke miaka yote hiyo ndiyo dharau aliyoshindwa kuimeza.

"Nitakufundisha," Callixte alisema mwishowe. "Lakini akijibu, utaelewa?"

"Unifundishe na majibu yote mbili."

Callixte akaandika. *Tens outra mulher?* Chini yake: *Sim, tenho*, ndiyo, ninaye. Na chini zaidi: *Não, não tenho.*

Jioni, baada ya magharibi, Saliha alimaliza kumlisha uji, akamfuta mdomo, akawasha simu irekodi. Akauliza.

"Tens outra mulher?"

 Mdomo wa Tajudini ulikuwa mzito, maneno yakatoka moja moja.

"Sim. Tenho."

Halafu akaendelea, maneno mengi ambayo hayakuwamo kwenye daftari, na machozi yakamtoka upande mmoja wa uso. Saliha alituma sauti hiyo kwa Callixte, akasubiri. Callixte akaandika, akafuta, akaandika tena. Ujumbe ukaja:

"Anasema apana, hana mutu. Lala salama dada."

Saliha akatabasamu kwa uchovu. Akajibu: "Callixte, ni weye ulinifundisha sim. Niambie yote."

Ujumbe wa pili ukaja:

"Unisamehe. Anasema iko naye, Nampula, miaka sita. Anasema alimudanganya anaenda soko, akapanda bisi kurudi kwako. Hakumuaga."

Aliusoma ujumbe mara tatu. Alikasirika. Lakini aliyekuwa akimuona si mume wake. Alimuona mwanamke wa Nampula amesimama mlangoni, anangoja mtu arudi kutoka soko. Mlango huo Saliha aliujua. Alikuwa amesimama kwenye wa kwake miaka kumi na moja.

Akafungua jina la Sikuzani. Akaandika: "Wifi, njoo kesho umuchukue." Kidole kikabaki juu ya skrini.

"Saliha," Tajudini alimwita. Jina hilo halikuwa limepotea. Kwa shida akainua mkono wake mzima, akamgusa begani. "Estás cansada?"

Swali lake mwenyewe. Alikuwa amemuuliza kila jioni kwa miezi miwili, na yeye hakuna aliyemuuliza, si wifi, si majirani, si mama yake. Saliha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akalia.

"Sim," akasema. "Estou cansada. Na kukusamehe bado sijakusamehe, usikie kwa lugha yoyote utakayoweza."

Alipomaliza kulia alimwandikia Callixte: "Kesho nifundishe namna ya kumuambia uyo mama asingoje tena. Aambiwe ukweli, bwana iko kwangu na anagonjwa. Namba nitaitafuta mu simu yake."

Kisha akarudi kwenye ujumbe wa wifi, akafuta neno la mwisho, akauandika upya na kuutuma:

"Wifi, njoo kesho na nguo za kulalia. Utamulisha na kumuogesha siku tatu hapa hapa. Mi nalala."