Upepo wa Tanuru la Mwimbi

Kompyuta ilikuwa baridi, na hilo ndilo lililomshtua Evaristi. Tangu asubuhi ilikuwa inaunganisha video ya harusi, kazi inayochemsha memori mpaka mashine inajizima yenyewe. Akagusa kile kibao chembamba cha memori. Kikamng'ata vidole kama barafu.

Miaka ile mashine za mtumba zilimwagika Sumbawanga kupitia Tunduma, lakini feni za kuzipozea hazikuonekana. Evaristi, fundi asiyesomea popote, hakuona taabu. Alikwenda Mwimbi, kwenye tanuru la kale la kuyeyushia chuma, akang'oa mabomba yake ya udongo, akayapitisha ukutani mwa nyumba yake yamletee mashine upepo wa kipupwe.

"Baba Rhoda," mkewe Kristiana alinong'ona nyuma ya pazia, "mtoto anaungua."

"Si malaria hiyo?"

"Vidonge kamaliza. Na hayo mabomba yako yanapumua. Hebu sikiliza."

Nje upepo ulikuwa umekufa kabisa. Mabomba yakavuta. Yakaachia. Yakavuta tena.

Kristiana alikuwa ameshamwita Mzee Romani, mganga wa ukoo wa wahunzi. Aliingia, akaitikia shikamoo, akaona ukuta, akarudi nyuma hatua.

"We Evaristi, una wazimu? Mabomba haya yamepoza kitu tangu lini? Haya ni ya kuchochea moto! Mzimu mwenye tanuru anafyonza joto la mashine yako, na pa kulichomea kapapata, mwilini mwa mtoto. Ng'oa!"

"Babu, imebaki kidogo tu. Nimewaahidi watu harusi yao leo. Mimi sisemi uongo."

"Basi kamwambie ukweli huo mwanao, kabla hajawa majivu."

Evaristi akasimama, mkono hewani, jicho kwenye kioo cha kompyuta, na mabomba yakazidi kuvuta, haraka, haraka zaidi, na pazia likanyonywa kuelekea ukutani, na Rhoda akalia mara moja tu kisha akanyamaza, na Kristiana akaruka, akayashika mabomba kwa mikono mitupu, nyama ya viganja ikiungua, akavuta mpaka ukuta ukapasuka na mabomba yakavunjika vipande miguuni pake. Kioo kikawa cheusi. Harusi ya watu ikapotea.

"Mama," Rhoda akaita, "maji."

Uso wake ulikuwa umepoa. Evaristi, machozi yakimtoka, akamshikia kikombe. Mtoto akanywa, na kooni mwake maji yakalia chwaaa, kama jembe jekundu linapozamishwa kwenye ndoo ya mhunzi.