Siku Saba za Kurudisha Nyumba

Siku ya pili katika nyumba mpya, Malika alifunua sufuria ya pondu, majani ya muhogo, akakuta nywele ndefu zimepikwa ndani. Bilali, bwana yake, fundi viatu mwenye mdomo mkubwa kuliko duka lake, akacheka, akasema siku hizi hata pondu inasuka nywele. Nyumba nzima mtaa wa Makiso kwa bei ya chumba kimoja! Alijiona ana akili. Kontra, yaani mkataba wa kununua, ilimpa siku saba: asiporidhika, arudishe funguo na barua yenye alama yake, apewe pesa zote. Muuzaji, Carlos, alilikubali hilo bila kubisha. Bilali akadhani ni woga. Masikini.

Siku ya tatu ukuta ulinuka damu. Siku ya tano kitu kilimtandika mgongo mchana kweupe mpaka akajikojolea, yeye aliyejisifu hadi Bengamisa kwamba hakuna mutu wa kumgusa. Siku ya saba asubuhi akashika kalamu ya biki aandike barua.

Kidole kikavunjika. Kikafuata cha pili, na cha tatu, kama mutu anavunja kuni, na alipohamishia biki mkono wa kushoto ile harufu ikamshukia usoni, mikono asiyoiona ikamlaza sakafuni, ikaendelea kuvunja bila haraka, huku sauti ikimwambia sikioni:

« Carlos nilimumaliza. Wewe ungali mupya. »

Malika hakulia. Akaiandika barua mwenyewe, kisha akamkalia Bilali miguuni.

« Nyosha mguu, papa, » alinong'ona. « Iko inaangalia mikono tu. »

Akampaka dole gumba la mguu rangi nyeusi ya viatu, akaligandamiza kwenye karatasi. Nyumba nzima ikanguruma. Akipita mlangoni, kitu kikamnyofoa sikio, pamoja na hereni. Akapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi kwa Carlos, damu shingoni, funguo mkononi.

Carlos aliitazama ile alama. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimepinda kama tangawizi. Akasema hiyo si sahihi. Malika akamfunulia kontra: imeandikwa alama ya mnunuzi, haikusema ya wapi.

« Bon, » Carlos akasema polepole. « Nipe siku moja tu, mama. »

Malika akakataa, maana kesho ingekuwa siku ya nane, akanyoosha mkono mpaka pesa zote zikatoka. Halafu akaweka funguo mezani.

Harufu ya damu ikaingia, ikizifuata. Carlos akaficha mikono kwapani, lakini mikono yake jini alikwisha kuimaliza zamani. Safari hii jini akaanza kumvunja meno.